Mtungi Utafunguliwa Treni Ikishaondoka

Usinge, jioni

Mwanangu Kalunde,

Sikuandikii kukujulia hali. Hali yako naijua: umenuna, umelala kifudifudi chumbani, na kati yangu na wewe kuna ukuta mmoja wa tofali za udongo. Nasikia kitanda kikilia kila unapojigeuza ili nijue kwamba hujalala na kwamba bado umekasirika. Nimejua, mama. Ujumbe umefika.

Naandika kwa sababu kwa mdomo tumeshindwa. Tangu mchana kila nikisema neno moja wewe una mawili, na ukinyamaza mimi naongeza la tatu, mpaka baba yako amechukua redio yake akahamia nyuma ya nyumba. Anasema mimi na wewe tukianza hata nyuki wanahama mizinga. Karatasi hii haiwezi kunikatiza. Nitaiweka juu ya begi lako, uisome asubuhi kabla hatujatoka kwenda stesheni. Nasema "hatujatoka" kwa makusudi. Nilikusikia uliposema kesho hupandi treni mpaka uunuse ule mtungi. Jibu langu ni lile lile, ila safari hii nataka nikupe na sababu, maana mchana nilikupa kelele tu.

Usitafute humu habari za blanketi, wala za kutunza nauli, wala za vijana wa Mwanza. Hayo utaambiwa na shangazi zako mpaka masikio yachoke, na shangazi yako mkubwa ameshaanza. Una akili zako. Umeniongoza mimi kwa miaka hii miwili, seuze wewe mwenyewe.

Nianze na ile siku ya wazee.

Unaikumbuka, lakini mimi nina upande wangu ambao sijawahi kukusimulia. Ilikuwa baada ya ile homa ya mafua iliyonilaza. Nilipoinuka nikaona uji hauna harufu, sabuni haina harufu, hata moshi wa kuni unanitoa machozi lakini puani haupo. Nilidhani ni mabaki ya mafua, yatatoka. Zamu yangu ikafika. Unajua zamu zetu zilivyo: sisi wanawake tunaopika pombe ya wanzuki tunagawana majuma ili tusigombanie wanywaji, na mwenye zamu akiharibu ameharibu, anangoja mzunguko urudi kwake. Sikutaka kuiacha ipite. Nikachanganya asali na maji ya uvuguvugu, nikatia machicha ya pombe iliyotangulia ili iamke, nikafunika mtungi, nikauweka karibu na jiko kama nilivyofanya maisha yangu yote.

Siku ya kufungua watu walijaa uani. Kawaida mtu akipewa kata yake humwaga kidogo chini kwa ajili ya wazee waliotangulia, tone tu, kisha anakunywa. Siku ile wa kwanza alionja, akamwaga. Akaonja tena, akamwaga tena, na mara hii akamtaja babu yake kwa jina. Wa pili akaumwagia ukoo mzima wa mama yake. Wa tatu akamkumbuka shemeji aliyefia Kaliua. Nikasema moyoni, leo watu wana ibada kweli. Nilifurahi, Kalunde! Nilidhani pombe yangu imewagusa hadi wanawalilia marehemu wao. Ua lote likawa tope. Na kila aliyeondoka alinishika mkono: "Ahsante mama, umepika."

Ndivyo tulivyo huku. Mtu hamwambii mpishi kwamba pombe yake ni mbaya akiwa amekaa uani kwake. Ni afadhali awanyweshe wafu, ambao hawawezi kulalamika.

Wewe ulirudi kutoka kisimani, ukaweka ndoo chini, ukasimama mlangoni. Hukusalimia mtu. Ukasema, "Mama, nani amekufa humu?"

"Mtoto huna adabu," nikakujibu.

Ukaingia, ukachota, ukanusa, ukaniletea hadi usoni. "Mama, hii inanuka. Husikii?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba sisikii. Nikajua na walichokuwa wakifanya wale watu wote, nikaona aibu mpaka juma zima sikutoka nje. Asali ya baba yako ilikuwa na majana ya nyuki yaliyooza ndani ya masega, na mtu yeyote mwenye pua angeiacha pale pale alipoifungua ndoo.

Tukapatana siku ile ile kwamba asijue mtu. Niliyetaka hivyo ni mimi. Wewe ulisema tuwaambie tu. "Si ugonjwa, mama? Kwani umeiba?" Nikasema hapana, mpishi asiye na pua nani atakuja kunywa kwake? Ndipo ukawa pua yangu. Wanawake wakija kufungua mtungi, mimi nainama, nafumba macho, navuta pumzi ndefu kama padri mbele ya ubani, na chini ya kope nakutazama wewe. Ukigusa sikio, imekaa. Ukifunga kilemba upya, bado. Nikiona kilemba nasema, "Aa, hii tuiache ilale tena," na wenzangu wanatikisa vichwa: Mama Kalunde anajua! Sifa zote nilikula mimi.

Kuna siku kilemba kilikulegea tu kwa upepo, ukakifunga, nami nikawarudisha watu makwao na pombe iliyokuwa imeiva sawasawa. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi pia nilicheka. Ila baadaye nilikaa nikawaza, huyu mtoto sasa hawezi hata kujifunga kitambaa chake kichwani bila kufikiria kitanifanyia nini mimi.

Niliwaza hivyo, kisha nikaendelea kukutumia. Kuwaza hakukunizuia hata kidogo.

Mwaka jana chuo kile cha Mwanza kilipokuita ukajifunze mapishi na uokaji, ulikuja jikoni ukaniambia huku umegeukia ukutani, unasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. "Mama, nimeona niache kwanza. Nitaenda mwakani."

Na mimi nikasema, "Haya, kama umeona hivyo."

Kama umeona hivyo! Kana kwamba aliyeona ni wewe. Nilitoka nje kwenda kugeuza ulezi uliokuwa juani, na nakuandikia bila kujificha: nilifurahi. Mtoto wangu ameacha kitu alichokitaka tangu akiwa anachoma maandazi ya udongo pale nyuma, ameacha kwa sababu yangu, nami nikafurahi kama mtu aliyeokota mzinga umejaa. Furaha ile iliisha kabla ulezi haujakauka, lakini sikurudi ndani kukwambia nenda. Ningeweza. Mlango ulikuwa wazi na wewe ulikuwa bado unasugua ile sufuria.

Hilo ndilo kosa ambalo siwezi kulifanya mara ya pili. Ndiyo maana ya kelele zote za leo.

Nikueleze na kosa jingine, la zamani kidogo, maana limezaa hili. Bibi yako, mama yangu, alikuwa akipika kwa sikio. Wewe hukumwahi akiwa na nguvu zake. Alikuwa anapiga magoti kando ya mtungi, anaweka sikio kwenye tumbo lake, anatulia. Mimi nilikuwa binti mwenye pua kali, najivuna, natoka huko nje nanusa kutoka mlangoni nasema, "Mama, imeiva." Na kweli imeiva. Basi nikaona hana haja ya kuniinamisha chini kusikiliza mtungi kama mgonjwa. Akiniita nisikilize, nasema nasikia, na sisikilizi chochote, nahesabu nyufa za ukuta. Nilimcheka hata kwa rafiki zangu. Nikawa pia na tabia mbaya ya kufungua fungua. Kila nikipita nachungulia. Aliniambia mara nyingi, "Iache. Unataka ikuambie nini ambacho hukijui?" Sikuacha, na pombe nyingi zilichachuka mikononi mwangu kwa sababu ya kutotulia kwangu, nami nikasingizia asali, nikasingizia mvua, mwaka mmoja nilimsingizia hata baba yako.

Kitu nilichopewa bure kilinifanya mvivu. Ningekuwa nimesikiliza pale nilipopigishwa magoti, leo nisingekuwa mtu mzima mwenye mvi anayejifunza kupika upya. Sikwambii haya ili ujione mkosaji kwa pua yako. Pua yako ni nzuri kuliko yangu ilivyokuwa. Wakikusifu huko chuoni furahi, kisha bado uguse unga, usikilize tanuri, uonje, umuulize na mwenzako. Mimi ningependa mtu angenilazimisha. Bibi yako alijaribu, nami nilikuwa mbishi kama mtu fulani aliyelala upande wa pili wa ukuta huu.

Sasa kile kikao cha Mama Shija. Najua umesikia mtaani, na mtaani wameongeza chumvi, kwa hiyo uisikie kwangu. Wewe ulikuwa Kaliua kununua hilo begi. Unajua kila mwaka Krismasi ikipita wanawake wa zamu tunakaa kwake, tunapanga mzunguko mpya, na kila mmoja anasema mwaka unaoingia atarekebisha nini kwenye pombe yake. Ni kikao cha kucheka zaidi. Mmoja akasema ataacha kuongeza sukari asali inapopungua, maana wanywaji wake wanaamka na vichwa. Mwingine akasema atasuuza vibuyu vyake hata kama hategemei wageni. Yule mnene wa kule relini akasema mwaka huu ataonja pombe yake bila kuimaliza, na tukamwambia aweke lengo analoliweza.

Ikafika kwangu. Mama Shija akasema, "Na wewe bingwa?"

"Mimi mwaka ujao nataka nijifunze kupika bila kunusa."

"Kwa nini usinuse, na pua unayo?"

"Ninayo lakini haisikii kitu. Tangu ile homa."

Mama Shija akaweka kata yake chini taratibu. Unamjua, mdomo wake hauna mlango. "Mama Kalunde. Muda wote huu unainama pale, unafumba macho, unavuta pumzi. Ulikuwa unavuta nini?"

"Hewa," nikasema.

Mmoja akacheka, kisha akaona wenzake hawacheki, akaacha. Nikawaambia yote: sikio, kilemba, na kwamba mwenye pombe waliyokuwa wakiisifu ni wewe. Kuna waliokasirika, na sikuwalaumu. Wamenipa zamu ya Pasaka kwa pua ya mtu mwingine. Mama Shija hakukasirika, alihesabu tu mambo yake. "Basi zamu ile ni ya Kalunde. Na Kalunde anaondoka."

"Anaondoka."

"Sasa sisi tumpe zamu nani?"

Wakazungumza pale pale mbele yangu kama vile nimeshatoka. Mwisho wakaamua nipike mtungi mmoja peke yangu, wewe usiusogelee, wafungue wao. Ukiwa mzuri zamu yangu ipo. Ukiwa mbaya nakaa pembeni mwaka mzima, mzunguko unanipita. Nikasema sawa, ila na mimi nina sharti langu. Siku ya kufungua, wazee waliotangulia wapewe tone lao la haki, basi. Hakuna kumwaga. Atakayeona pombe ni mbaya aniambie usoni, kwa mdomo wake, mimi nikiwa nimekaa pale.

Utacheka. Jaribio walilipanga upesi, lakini sharti hilo liliwatoa jasho. Mama Shija alisema, "Hilo gumu." Mwingine akauliza kama anaweza kumtuma mwanawe aje aniambie. Tulibishana mpaka jua likageuka, ndipo wakakubali. Wako tayari kuninyang'anya zamu, lakini si kuniambia pombe mbaya! Na mimi nikawaelewa, kwa sababu nimewafanyia wao hivyo hivyo miaka na miaka. Ni pombe ngapi za wenzangu nimewamwagia wazee huku natabasamu. Katika mji huu mtu pekee aliyewahi kuniambia kweli kuhusu pombe yangu ni wewe, mlangoni pale, bila hata shikamoo. Nitakachokikosa ukiondoka ni hicho, kuliko pua. Hivyo nimeamua nikitafute kwa watu wengine, hata kama ni kwa kuwalazimisha. Hilo ndilo lengo langu la mwaka, ukitaka kulijua kwa ukamilifu wake.

Basi nikapika. Uliniona nikihangaika na kukufukuza kila ukikaribia jiko, ukadhani nimekasirika na wewe. Asali nilimpelekea Mama Eliya, jirani yetu Mmoraviani, ambaye akikaribia kilabu cha pombe huvuka barabara. Nikamwomba aninusie. Akasema, "Asali nitanusa, asali ni ya Mungu. Ikishatiwa maji usiniite." Ndoo ya kwanza akasema ina moshi. Ya pili akasema ina kitu, hajui ni kitu gani, lakini asingempa mgonjwa. Baba yako alikuwa amesimama pale na kofia yake mkononi, uso umemshuka, maana ile ya pili alikuwa akiisifia tangu aitoe porini. Ya tatu Mama Eliya aliichovya kidole kabla sijamwomba, akarudia. Nikachukua hiyo.

Maji niliyapima kwa kifundo cha mkono, kama nilivyokuwa nikipima ya kukuogesha. Nilichanganya kwa mkono na si kwa mwiko, mpaka nikasikia asali imeacha kuteleza chini. Ulimi wangu haujafa wote, utamu bado naupata na ukali naupata, kwa hiyo nilionja asubuhi nikaacha, nikaonja jioni nikaacha, kila mara utamu umerudi nyuma kidogo. Na nilipiga magoti, Kalunde. Baba yako aliingia akanikuta sikio liko kwenye mtungi, akatoka nje kimya kimya akidhani nasali. Mwanzo sikusikia chochote ila moyo wangu mwenyewe. Baadaye nikasikia. Kwanza ni kama watu wengi wanaonong'ona, halafu wanapungua, halafu mmoja mmoja. Bibi yako alikuwa akiniambia wakibaki mmoja mmoja ndipo imeiva. Sijui kama nimewahesabu sawa. Ukiacha zile mara za kuonja, sikufungua kuchungulia hata mara moja, na hilo peke yake nalihesabu kuwa ushindi.

Leo asubuhi ulipokwenda kuaga kanisani, mimi na baba yako tumeupakia mtungi kwenye mkokoteni, tumeuzungushia magunia, tumeupeleka kwa Mama Shija. Kila jiwe la ile barabara nililisikia tumboni. Wataufungua kesho mchana, treni yako ikishaondoka. Nimepanga mimi iwe hivyo.

Ukarudi, ukakuta nafasi tupu karibu na jiko. Ukasema, "Mama, uko wapi? Ninuse mara moja tu, nikwambie, halafu niende zangu."

Nikakuuliza, "Na ukiwa mbaya?"

Ukachungulia nyuma ya mlango, bado unautafuta.

"Ukiwa mbaya utapanda treni?"

Ukaangalia chini. Hujui kunidanganya, na hilo ulilirithi kwa baba yako. Hapo ndipo nilipoanza kupiga kelele, nawe ukaanza kupiga kelele, na mengine majirani wanayajua.

Sababu yangu ni hiyo basi. Ukinusa ukaona mbaya, unafungua begi, unarudisha nguo kabatini, unasema mwakani. Ukinusa ukaona nzuri, unapanda, lakini unapanda kwa sababu mtungi umekuruhusu. Na siku nitakapoharibu mwingine, nao utakuita urudi. Mimi nataka upande hujui. Nataka uondoke pombe ikiwa labda mbaya, mama yako akiwa labda anakwenda kuaibishwa mchana huo huo, na bado upande kwa sababu chuo ni chako na zamu ni yangu.

Bibi yako alikuwa akipenda kusema kwamba wanawake wa kwetu wamekaa kando ya njia hii tangu wapagazi wanapita na pembe vichwani kwenda na kutoka Ujiji, kabla reli haijalazwa. Walikuwa wakiwapikia wapitao. Aliyechoka akanywa, akapumzika, akasimulia alikotoka, akaendelea. Alilisema kwa fahari, nami nililipokea kwa fahari. Juzi nikawa nafikiri, hao mabibi wote walijua habari za Ujiji, za Tabora mjini na za pwani, wanazisimulia kama walizaliwa huko, na hakuna hata mmoja aliyeinuka akaenda kuona. Sijui kama walitaka. Labda na wao walikuwa na mama aliyesema, haya, kama umeona hivyo.

Kuhusu kesho mchana, nisikilize. Ukiwa mzuri nitakwambia. Ukiwa mbaya nitakwambia vile vile, bila kupunguza, kama ulivyoniambia wewe. Usinipigie simu ukiwa njiani. Nitakupigia mimi ukishafika na umeshakula. Ukiwa mbaya nitaona aibu, siku kadhaa sitapita mbele ya duka. Nitauza nta na baba yako, nitalima karanga, na mwaka utakaofuata nitapika tena. Sitakufa. Nilidhani aibu inaua, ndiyo maana nikakuweka miaka miwili usimame nyuma yangu unagusa sikio. Haiui. Niliiona kwenye kikao, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu, nikasonga ugali.

Nina woga, hilo sikufichi. Naogopa mtungi, naogopa nyumba itakavyokuwa kimya, naogopa kwamba baba yako atapandisha sauti ya redio na sitakuwa na mtu wa kumlalamikia. Lakini hii ni hofu yangu na nimeamua kuibeba mwenyewe. Wewe beba begi.

Kuna jambo moja nilitaka kuliacha, naona kalamu inalidai. Akina mama watoto wao wakiondoka hubaki na kitu. Shija alipokwenda jeshini, mama yake alilalia shuka lake bila kulifua mpaka mumewe akalalamika. Mimi ukiondoka, kanga utakayoacha itakuwa kitambaa tu. Naweza kujifunika nayo usoni mpaka asubuhi na haitaniambia lolote. Nakumbuka ulivyonukia ukiwa mchanga, na ukiwa msichana unarudi kutoka shule na vumbi la njiani. Lakini wewe wa miaka hii miwili, wewe mtu mzima, sijui unanukiaje, mwanangu. Uko karibu yangu kila siku na sijui. Linaniuma hilo kuliko pombe zote nitakazoharibu.

Kwa hiyo kesho pale stesheni nitakushika. Nitakushika uso, na mabega, na vidole kimoja kimoja, mbele ya watu wote na mizigo yao, kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Filimbi itapulizwa na mimi nitakuwa bado nimekushika. Usiniambie, "Mama, watu wanatutazama." Simama tu. Mikono yangu inajifunza pole pole.

Nikikuachia, panda.

Mama yako